Nane Iliyolala

Ilikuja kwangu kwa deni.
Barongo alishindwa kunilipa kazi ya pampu,
akanitulia kwenye benchi kisanduku cheusi cha bakelaiti,
mkanda wa ngozi mkavu kama omena.
"Mega hii, Kerubo. Ya mkono. Zamani walijua kuunda."

Na kuzeeka walijua, nilitaka kumwambia.

Usiku ule, Kirinyaga Road imeshusha mabati yake,
nikazungusha mpini.
Ncha mbili za waya zimelala mbalimbali, hazigusi kitu,
kati yake hewa tu,
na hewa ya Nairobi, pamoja na moshi wake wote,
volti mia tano haziwezi kuivuka.
Mshale ulipaswa kwenda hadi kule ukingoni
walikochora nane iliyolala ubavu.
Ulifika kwenye mbili. Ukatetemeka. Ukagoma.

Kumbe kipima uvujaji chenyewe kinavuja.
Mganga hajigangi! Nikacheka peke yangu,
halafu nikanyamaza:
mwaka wa tatu huu sijapima presha.

Skrubu nne, moja imeliwa kichwa.
Ndani, harufu ya kabati la marehemu.
Mpira wa nyaya ulimeguka vidoleni kama ukoko,
na unyevu wa masika yote tangu sijazaliwa
umeota ukungu kwenye viungo.
Nikasugua kwa spiriti na mswaki wa Moraa
(nitamnunulia mwingine),
nikabadilisha nyaya, nikasolda upya,
nikakifunika kwa sufuria pamoja na balbu ya wati sitini
siku mbili, usiku na mchana.
Ndolo wa gasketi akachungulia:
"Fundi, siku hizi unaatamia?"

Chini ya sumaku kulikuwa na karatasi
imekunjwa mara nne. Penseli.
*11 Juni 71. Namba 3. Nukta nne. USIWASHE.*
Hakuna jina. Hakuna mahali.
Mtu fulani alizungusha mpini huu huu,
akaona mshale unashuka, akaandika kwa herufi kubwa,
na mimi nimebaki na mwandiko wake
bila kujua kama waliiwasha.

Siku ya tatu mshale ulikwenda.
Ulikwenda polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mtungi,
ukalala juu ya nane, ukatulia.
Nilizungusha hadi bega likauma.

Lakini injinia wa kiwanda cha sabuni, kijana mwenye adabu,
aliuliza, "Cheti chake cha mwaka huu, mama?"
Nikashuka Luthuli,
nikabishana hadi elfu ishirini na mbili
kwa ile ya manjano yenye kioo na betri.
Hii haitetemeki. Unabonyeza, inataja namba, basi.
Sina ugomvi nayo.

Ila jambo moja haina, nalo sikuwahi kufundishwa chuoni:
waya ukiwa mbovu, mpini huwa mzito.
Ubaya unaufikia mkononi
kabla jicho halijafika kwenye mshale.

Jana, mota ya kuchanganyia sabuni.
Ya manjano ilisema: moja nukta moja.
Kanuni inataka moja. Imepita.
Nikatoa ya Barongo kwenye begi, injinia akitabasamu,
nikazungusha. Mshale ukaafiki, moja na ushei.
Lakini bega, jamani, bega
lilikuwa linavuta ndoo kisimani.

Nikaandika kwenye fomu yao, chini kabisa,
pale pa "Maoni" ambapo hakuna anayeandika:
*Imepita. Ina maji ndani. Ikaushwe kwanza, msiwashe leo.*
Kwa herufi kubwa? Hapana. Halafu ndiyo.

Zamu ya usiku huingia saa mbili.
Nimerudi dukani, nimefungua skrubu tatu na ile mbovu,
nimerudisha karatasi ya penseli mahali pake
na yangu juu yake.
Sasa ni saa mbili kasoro dakika kumi.
Simu iko mezani.